Katika Kuyapinga Madai ya Namba Kubwa

Imeenea miongoni mwa wenye magari, tangu gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hata maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, rai moja ambayo kwa kurudiwa mara nyingi barazani imekwisha kupata heshima ya kaida, nayo ni kwamba mafuta ya breki yamepangwa kwa daraja, DOT 3 yakiwa ya wanyonge, DOT 4 ya watu wa kadiri, na yale ya namba tano ya wenye uwezo, hata mtu anayeipenda roho yake na roho za jamaa zake hana haja ya kuuliza neno jingine dukani ila namba iliyo kubwa kuliko zote ambayo mfuko wake unaimudu. "Usifanye ubahili na breki, bwana," husema muuzaji, na mnunuzi, ambaye hapendi kuonekana bahili katika jambo la uhai na mauti, hutoa fedha.

Rai hiyo naiona ni batili. Ugumu wa kuipinga hautokani na nguvu ya hoja zake bali na sura yake, kwani rai yenye sura ya uzembe hupingika kwa neno moja, ilhali rai yenye sura ya hadhari humfanya mpinzani wake aonekane kama anawashauri wenzake wacheze na maisha. Sina nia ya kumshauri mtu acheze na maisha. Nia yangu ni kuonyesha kwamba fedha inayotolewa kwa ajili ya namba aghalabu hutolewa mahali pasipo na hatari, na hatari yenyewe huachwa palepale ilipokuwa, ndani ya mipira na kalipa za gari, ikizidi mwaka hata mwaka.

Tuanze na namba zenyewe, maana wanaozitukuza ni wengi na waliopata kuuliza asili yake ni haba. Herufi DOT zilizopigwa katika chupa ni kifupisho cha jina la Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966, na masharti ya mafuta ya breki yamo katika kanuni yake ya usalama wa magari namba 116. Kanuni hiyo haisemi kwamba mafuta haya ni mema na yale ni maovu. Imeweka mipaka ambayo kila aina haina budi kuitimiza, na miongoni mwa mipaka hiyo mitatu yatuhusu: kiwango cha joto ambacho mafuta mapya hayana ruhusa ya kuchemka kabla ya kukifikia, kiwango kama hicho kwa mafuta yaliyokwisha kutiwa unyevu kwa makusudi mpaka maji yakawa takriban asilimia 3.7 ya ujazo wake, na uzito wa kutiririka katika baridi kali. Kwa mafuta ya DOT 3 kiwango cha kwanza ni digrii 205 za Selsiasi na cha pili 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Mpaka hapa mtetezi wa namba kubwa aweza kutabasamu, kwa kuwa hesabu zote zinapanda upande wake. Lakini na aulizwe: je, ile DOT 5 isiyokuwa na nukta na moja mbele yake, iko wapi katika ngazi hii? Kwa mipaka ya joto iko sawasawa na DOT 5.1, na kwa asili yake ni kitu mbali kabisa, maana hayo ni mafuta ya silikoni, ambayo kanuni imeagiza yatiwe rangi ya zambarau ili yasije yakachanganywa na mengine, ilhali DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za jamii moja ya glikoli, nazo huwa hazina rangi au zina rangi ya manjano kama ya asali. Silikoni hainyonyi maji, na wengi husikia sifa hiyo wakaridhika. Hawasikii kwamba maji yakipata njia ya kuingia, kwa kuwa hayana pa kuyeyukia, huteremka mpaka mahali pa chini kuliko pote, ambapo mara nyingi ni ndani ya kalipa penye joto, yakatua hapo yakala chuma, na siku ya joto yakachemka kwa digrii zake 100 za maumbile. Fauka ya hayo, silikoni hushika hewa ndani yake zaidi ya glikoli, kanyagio likawa laini chini ya mguu, na kwa sababu hiyo haifai kwa magari yenye mtambo wa ABS. Ina mahali pake: jeshi la Marekani liliichagua kwa magari yanayowekwa ghalani muda mrefu, na pikipiki za Harley-Davidson ziliitumia kwa miaka mingi. Lakini mtu aliyeambiwa achukue namba kubwa, akaikuta DOT 5 rafuni, akaimimina juu ya DOT 3 iliyomo katika gari lake dogo la Kijapani, ametii fatwa ya baraza herufi kwa herufi, na amejitilia katika breki vitu viwili visivyochanganyika. Kanuni inayomfikisha mfuasi wake mtiifu mahali kama hapo haistahili kuitwa hadhari.

Nijuavyo, mtetezi atajibu kwamba kosa hilo ni la wajinga, na kwamba yeye alikusudia DOT 5.1, siyo DOT 5. Vema. Tumpe DOT 5.1 yake, tena iliyo halisi, katika chupa yenye lakiri, halafu tuitazame kazi inayotakiwa kufanya.

Nguvu ya mguu hufika katika magurudumu kwa sababu mafuta yaliyojaa tangu masta silinda mpaka kwenye kalipa hayabonyei. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule, na hayapotezi kitu njiani. Mvuke hubonyea. Pedi zikisugua diski hupata joto, joto likapita katika pistoni likayafikia mafuta, na mafuta yakichemka huzaa mapovu ya mvuke, na hapo dereva hulikanyaga kanyagio likazama mpaka sakafuni, kwa maana nguvu yake yote imekwisha katika kuyabana mapovu. Hali hiyo isichanganywe na ile ya pedi kuungua, ambapo kanyagio hubaki gumu na imara ila gari halitaki kusimama. Dalili hizo mbili ni tofauti, na anayezijua huweza kumwambia fundi neno la maana. Tena kuna jambo linaloshangaza watu: mara nyingi mafuta hayachemki wakati wa kuteremka, upepo unapopita katika diski, bali dakika chache baada ya gari kusimama, joto la diski linapopanda polepole katika kalipa pasipo upepo wa kulipoza. Dereva amefika salama, amenunua matunda kando ya barabara, anawasha gari aendelee na safari, na kanyagio halipo.

Basi swali la haki ni hili: ni nini hasa kinachoyashusha mafuta kutoka katika digrii zake za upya hata yakachemka mapema? Ni maji. Mafuta ya glikoli huyanyonya maji ya hewani, kupitia tundu la kupumulia lililo katika kifuniko cha kikopo cha mafuta, na hata kupitia mipira ya breki ambayo haijatoboka wala kupasuka, kwa kuwa mpira kwa unyevu si ukuta bali ni chujio. Tabia hiyo si uovu mtupu, maana maji yaliyonyonywa hutawanyika katika mafuta yote yasipate kutua mahali pamoja, na hili ndilo linalowafanya wahandisi waipende glikoli kuliko silikoni. Lakini kila tone hushusha kiwango cha kuchemka. Na hewa ya Tanga, ya Unguja, ya Mombasa, ambamo chumvi hulowa ndani ya kopo na nguo hunuka uvundo sandukuni, haina ubahili wa unyevu.

Sasa zitazamwe tena zile hesabu, ila safari hii tusizisome kutoka juu kwenda chini kama walivyotuzoesha wauzaji, bali kwa mshazari. Mafuta ya DOT 5.1 yaliyonyonya maji mpaka kipimo cha kanuni yanadhaminiwa mpaka digrii 180 tu. Mafuta ya DOT 3, yaliyofunguliwa leo, yanadhaminiwa mpaka 205. Yule mnyonge wa baraza amempita bwana mkubwa kwa digrii 25, na tofauti pekee iliyopo baina yao ni umri. Na maji yaliyofanya kazi hiyo ni kiasi gani? Ikiwa breki za gari dogo zinabeba mafuta ya mililita 800, asilimia 3.7 yake ni mililita 30, kadiri ya vijiko viwili vya chakula, vilivyoingia kimyakimya pasipo kuacha alama yoyote nje ya gari. Ndiyo maana nasema kwamba anayeuliza namba pasipo kuuliza tarehe ameuliza nusu ya swali, tena nusu iliyo nyepesi.

Mtetezi wa namba kubwa hana jibu kwa hoja hiyo ila moja, nalo ni kwamba DOT 5.1 ikizeeka bado itaishinda DOT 3 iliyozeeka, 180 kwa 140. Ni kweli, wala sina haja ya kuificha. Ningeikubali hoja hiyo iwe ya kukata shauri lau watu wangekuwa wanaibadilisha DOT 5.1 yote katika gari. Lakini wanachofanya, na nani asiyekiona, ni kufungua kifuniko, kutazama kikopo, na kuongeza. Mafuta ya breki hayazunguki kama ya injini. Yaliyomo katika kalipa yamo humo, yakisogea mbele na nyuma nafasi ndogo tu kila mguu unapokanyaga, na yale ya bei kubwa yaliyoongezwa leo juu katika kikopo hayatafika penye joto isipokuwa nipeli za kalipa zifunguliwe, ya zamani yatoke na mapya yashuke. Kwa hiyo mtu aliyeongeza DOT 5.1 juu ya DOT 3 ya miaka sita amenunua digrii 260 kwa ajili ya kikopo, mahali ambapo hapana diski wala pedi wala joto la kuogopwa, na katika kalipa ameacha mafuta yaleyale. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya DOT 5.1 inayouzwa kwa wenye magari ya kawaida pwani hii haijapata kuiona kalipa.

Tena kule kuongeza kwenyewe kuna hila yake. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje zaidi, na mafuta hushuka katika kikopo ili kuijaza nafasi hiyo, kwa hiyo kikopo kilichopungua aghalabu kinamwambia mwenye gari, "zitazame pedi zako," na kama pedi ni nzima basi kinamwambia, "mahali fulani panavuja." Katika hali zote mbili kuongeza mafuta ni kumziba mdomo shahidi. Na siku pedi mpya zitakapotiwa na pistoni kurudishwa ndani, yale yaliyoongezwa hufurika yakamwagika juu ya bodi, na mafuta haya yakipata rangi ya gari huibambua mara moja, isipokuwa yaoshwe upesi kwa maji mengi.

Nimetaja mpaka wa tatu wa kanuni, ule wa baridi, nikauacha kando. Sasa nauleta kwa sababu una ucheshi wake. Kanuni hupima uzito wa kutiririka katika digrii 40 chini ya sifuri, ambapo DOT 3 yaruhusiwa kufika milimita za mraba 1,500 kwa sekunde, DOT 4 hata 1,800, na DOT 5.1 isizidi 900. Maana yake ni kwamba DOT 5.1 ilitengenezwa iwe na sifa mbili kwa pamoja, kustahimili joto kama silikoni na kutiririka kwa wepesi katika baridi ya nchi ambazo mito huganda, ili vali ndogo za ABS zisichelewe. Mtu wa Tanga anayeinunua analipia sifa hizo mbili, na mojawapo ni ya majira ambayo hatayaona yeye wala wajukuu wake. Hata huko Kitulo, ambako umande huganda alfajiri juu ya majani na watu wa pwani hurudi wakisimulia, hapana baridi inayoukaribia mpaka huo.

Insafu yanilazimu kusema yale yaliyo upande wa pili. Yapo magari, hasa ya Ulaya, ambayo watengenezaji wake wameagiza DOT 4 tangu kiwandani, na mengine mapya yenye mitambo ya kuzuia kuteleza yameagizwa DOT 4 nyepesi, ile ambayo kanuni ya kimataifa ISO 4925 huiita daraja la 6, isiyozidi milimita za mraba 750 katika baridi ileile. Mwenye gari la namna hiyo akitia DOT 3 amekosa, na ubora wa upya hautamwokoa, kwa sababu hapo ameshuka chini ya agizo. Tena sikatai kwamba DOT 4 yaweza kutiwa mahali pa DOT 3 bila madhara. Ninachokataa ni kukigeuza kile kinachoruhusiwa kiwe faradhi, na kumfanya mtu aliyenunua chupa moja ya DOT 4 aongeze na kusahau aonekane ametimiza wajibu kuliko jirani yake aliyenunua DOT 3 iliyoagizwa, akaitoa ya zamani yote, akaitia mpya mpaka katika kila gurudumu. Chagua lililoagizwa, maana mtengenezaji amekwisha kuchagua: limeandikwa juu ya kifuniko chenyewe au katika kitabu cha gari, na katika magari yaliyotoka Japani huenda mtu akakuta BF-3 au BF-4 badala ya DOT, hayo yakiwa ni madaraja ya kanuni ya Kijapani JIS K 2233 yanayolingana na DOT 3 na DOT 4.

Magari hayo ya Japani yana kisa kinachofaa kutajwa. Huko kwao hupita katika ukaguzi uitwao shaken, ambao baada ya miaka mitatu ya kwanza huja kila miaka miwili, na ni desturi ya mafundi wa huko kuyabadilisha mafuta ya breki kwa wakati huohuo. Kwa hiyo gari la umri wa miaka tisa laweza kushuka bandarini likiwa na mafuta yaliyo machanga kuliko pedi zake. Linakaa melini, linakaa bandarini, linapata mwenyewe, na tangu siku hiyo halibadilishiwi tena, bali huongezewa tu, mpaka siku litakapouzwa kwa mwingine ambaye naye ataongeza. Hatukuwa na upungufu wa namba. Tulikosa ile desturi.

Ili mtu asidhani kwamba nazungumza juu ya joto la kubuni, achukue barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita zipatazo 30 za kona juu ya kona kupitia Soni, yenye tofauti ya kimo ya zaidi ya mita 900. Gari la kilo 1,300 pamoja na abiria, likiteremka mita 900, lina nguvu ya megajuli 11 na nusu ya kuondoa kabla halijafika Mombo, na nguvu hiyo ikigeuzwa yote kuwa joto yatosha kuchemsha lita 36 za maji ya mtungi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na sehemu kubwa yaweza kuchukuliwa na injini, iwapo dereva ameshusha gia mbili na kuiacha injini ivume. Lakini yule anayeteremka katika gia ya juu huku mguu wake ukilala juu ya breki amezikabidhi diski zake mzigo huo karibu wote, na mafuta yaliyomo katika kalipa, yawe ya namba gani, yataulizwa umri wake Soni au Mombo. Nasema hivi nikijua kwamba mteremko mmoja katika gia sahihi una faida kuliko tofauti yote iliyopo baina ya DOT 3 na DOT 5.1, tena hauuzwi.

Wako wanaotaja hapa malori ya Kitonga na ya mteremko wa Mai Mahiu, wakidai kwamba ajali zake ni ushahidi wa mafuta hafifu. Malori yale makubwa hutumia breki za upepo, hayana mafuta ya breki katika magurudumu yake, na yanaposhindwa kusimama huwa kwa sababu nyingine, za drami zilizopata moto, za breki zisizorekebishwa, za uzito uliopita kipimo, za gia iliyoachwa huru ili kuokoa dizeli. Msiba wa mwenzako usiutumie kuuzia chupa.

Kinyume cha watetezi wa namba kubwa wapo wengine, wachache lakini wenye sauti, wanaoshika kwamba mafuta ni mafuta, na kwamba mtu aliyekwama njiani aweza kutia katika kikopo cha breki mafuta ya usukani au hata ya injini. Hawa si wa kujibiwa kwa maneno mengi. Breki za mafuta zilipoanza, alipozibuni Mmarekani Malcolm Loughead na gari la Duesenberg likatoka nazo katika magurudumu yote manne mwaka 1921, na Chrysler ikazifikisha kwa watu wa kawaida mwaka 1924, kilichokuja kuzoeleka kutiwa ndani yake ni mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi, mbarika hii hii imeayo nyuma ya nyumba zetu. Na sababu ya kuchagua mmea badala ya petroli ni kwamba mpira ukigusana na mafuta ya madini huvimba. Mipira ya leo si ile, lakini udhaifu huo imeurithi. Tone la mafuta ya usukani likikaa katika masta silinda huvimbisha raba zake, breki zikashika zisiachie, na dawa yake ni kuvunja na kubadilisha kila raba na kila mpira tangu juu hata chini. Kinyume chake ni kweli vilevile: Citroën DS, iliyoanza mwaka 1955 kwa mafuta mekundu yenye tabia ya kunyonya maji, ilihamia katika miaka ya 1960 kwenye mafuta ya kijani ya madini yaitwayo LHM, na raba zilizotengenezwa kwa ajili ya kijani huharibiwa na DOT yoyote ya glikoli, ndogo au kubwa. Wafaransa, kwa bahati njema, waliziandika tofauti hizo kwa rangi.

Rangi nyingine, hata hivyo, huhadaa. Watu huchungulia kikopo, wakiona mafuta meupe husema ni mazima, wakiona meusi husema yamekufa. Weusi hutokana na vumbi la raba na la chuma, nao ni dalili ya kufaa kuangaliwa. Lakini maji hayana rangi, na mafuta safi kwa macho yaweza kuwa yamelowa tayari. Zipo kalamu za kupimia zinazowaka taa kwa kadiri ya unyevu, rahisi kwa bei, ambazo zikitumbukizwa katika kikopo hupima ya kikopo, siyo ya kalipa. Mimi naona aliye na tarehe ya mara ya mwisho ameshika kipimo bora kuliko kalamu: watengenezaji wengi hutaja miaka miwili, na kwa mkazi wa pwani sioni udhuru wa kuizidisha.

Kazi yenyewe, kwa mtu wa nyumbani mwenye jeki madhubuti na vigogo vya kuegemezea, si ya kutisha. Lita moja hutosha gari dogo. Mmoja hukaa ndani akikanyaga na kuachia kwa amri, mwingine hufungua nipeli na kuifunga kabla mguu haujarudi, mpira mwembamba ukipeleka mafuta ya zamani katika chupa, na kikopo kikijazwa kila mara kisije kikakauka kikavuta hewa, maana hewa ikiingia katika mtambo wa ABS huenda ikahitaji fundi mwenye kompyuta kuitoa. Aghalabu huanzwa na gurudumu lililo mbali na masta silinda, ingawa yapo magari yenye mpango mwingine, na kitabu ndicho hakimu. Anayeona mashaka na ampelekee fundi, ila aseme kwa ulimi wake kwamba anataka mafuta yote yabadilishwe, na asimame pale ayaone ya zamani yakitoka katika magurudumu manne. Akiambiwa kazi imekwisha na chupa yake bado imejaa, hakuna kilichobadilishwa.

Kwa upande wa kununua, namba ikiwa ni ile ya kifuniko, yanayobaki ni lakiri isiyovunjwa, duka lisilo la kupita njia, na chupa ndogo badala ya kubwa. Mwenye shaka na yaliyomo atie matone machache katika bilauri ya maji safi: ya glikoli yatayeyuka, na yale yatakayojitenga yakaelea si ya kutiwa katika gari lililoandikiwa DOT 3 au DOT 4.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ni ya wazee wa barazani, ambao husema, "Mimi nimeendesha miaka yote hii, sijabadilisha mafuta ya breki hata mara moja, na gari langu linasimama." Siwaiti waongo. Anayetoka Upanga kwenda Kariakoo na kurudi, katika ardhi iliyo tambarare na foleni isiyoruhusu mwendo, diski zake hazipati joto la kuyafikisha mafuta hata digrii 140, na mafuta yake yangeweza kuzeeka pamoja naye pasipo kumdai kitu, isipokuwa kutu inayozila pistoni ndani kwa ndani. Lakini hoja hiyo, ikikubaliwa, huwaangusha watetezi wa namba kubwa kabla ya kuniangusha mimi, kwani ikiwa mjini hata DOT 3 iliyolowa yatosha, ile 5.1 ilinunuliwa kwa safari gani? Na kama ilinunuliwa kwa safari ya Lushoto wakati wa Krismasi, basi twarudi kuulizana ni lini yaliyomo katika kalipa yalibadilishwa.

Mafuta yatakayosalia katika chupa baada ya kazi yasiwekwe rafuni kungoja miaka miwili ijayo, maana chupa iliyofunguliwa hunyonya maji kama kikopo, wala yasihamishiwe katika chupa ya soda, kwa kuwa ni sumu na watoto hawasomi maandishi ya kalamu ya wino. Kama gari lina klachi inayoendeshwa kwa mafuta ya aina hiyohiyo, na kifuniko chake kimesema hivyo, yatumiwe huko siku ileile, kwani klachi nayo ina silinda na raba zake, na katika magari mengi imesahauliwa kuliko breki.